Maua Yaliyomtazama Mwenyekiti

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa saba, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mwalimu Antipasi alitoka nyuma ya nyumba yake pale Ilongero, kopo la mtama mkononi na sweta mabegani, akapiga mluzi mara mbili kama alivyopiga kila asubuhi tangu alipostaafu. Njiwa walishuka kutoka kwenye banda lao lililoinuliwa juu ya nguzo nne. Aliwahesabu wakiwa bado hewani, kwa kuwa njiwa akishatua huchanganyika na wenzake na hesabu huharibika. Walikuwa thelathini na watatu. Jana yake walikuwa thelathini na sita. Watatu waliopungua alikaribia kuwakanyaga: walilala chali chini ya banda, miguu imekunjwa vizuri, macho yamefumbwa, bila damu na bila hata unyoya mmoja uliokaa vibaya.

"Mama Shukuru," aliita, "njiwa watatu wamekufa."

"Kwa ruhusa ya nani?" mkewe, Cecilia, aliuliza kutoka jikoni.

"Hawakusema."

Swali la Cecilia halikuwa la mzaha mtupu. Mama yake Antipasi alipoolewa alikuja kutoka Iguguno na njiwa wawili ndani ya tenga, na tangu siku hiyo hakuna mtoto wa nyumba ile aliyeondoka kwenda kuanza maisha yake bila jozi ya ukoo ule. Kaka yake Antipasi alikwenda na jozi Kahama. Dada yake aliyeingia utawani naye alipewa yake, na mama mkuu wa nyumba ya watawa aliandika barua ya kushukuru, na miezi minane baadaye barua nyingine ya kulalamika. Sasa ilikuwa zamu ya Shukuru, kitinda mimba wao, aliyekuwa anaolewa Mkiwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Zilibaki siku kumi na mbili, na njiwa thelathini na watatu ni wengi kuliko wawili. Antipasi aliwazika wale watatu kando ya uzio wa minyaa, akanawa mikono, akanywa uji.

Asubuhi ya Jumanne juu ya kila kaburi palikuwa na alizeti moja iliyosimama kwa kimo cha mtu mzima, na ua lake lilikuwa na upana wa mfuniko wa sufuria. Antipasi alikuwa amefundisha kilimo kwa miaka thelathini na mmoja. Alijua kwamba alizeti huhitaji zaidi ya miezi mitatu na mvua ya kutosha, na kwamba mvua ya mwisho Ilongero ilinyesha mwezi wa nne. Alizeti hizi zilikuwa zimetumia usiku mmoja na upepo. Aliona kwamba tofauti hiyo ni kubwa.

Cecilia alitoka akajifunga kanga vizuri, akayatazama maua.

"Umepanda?"

"Sijapanda."

"Basi usiyakate. Yatapamba sendofu."

Kilichomshughulisha zaidi Antipasi kilikuwa uelekeo. Alizeti iliyochanua hutulia ikatazama mashariki. Hilo aliwahi kuliandika ubaoni mara nyingi. Hizi zililipa jua kisogo, zikatazama barabarani, lilikosimama ghala la Christopher. Ilipofika saa nne zikaanza kugeuka taratibu kuelekea kushoto. Antipasi alipanda juu ya kigoda akachungulia kupitia juu ya minyaa. Christopher alikuwa anapita na pikipiki kwenda kunywa chai. Maua yalimfuata hadi mgahawani, yakakaa huko kwa muda wa vikombe viwili na chapati, kisha yakarudi naye ghalani.

Christopher hakuwa mtu mbaya, na hakuna aliyewahi kumsema vibaya. Alinunua alizeti ya karibu kila kaya ya Ilongero, alikamua mafuta kwa mashine yake mwenyewe, aliuza mbegu na majembe, na msiba ukitokea alikuwa wa kwanza kuleta turubai. Alikuwa mwanafunzi wa Antipasi darasa la sita na la saba, na hadi leo alizima pikipiki kabisa kabla ya kumwamkia. Zaidi ya hayo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya Shukuru.

Siku ile njiwa wengine wawili walikufa, na Jumatano wanne. Alhamisi akaitwa Leonard, bwana mifugo wa kata, kijana wa watu aliyevaa viatu vya mpira hata kiangazi. Alimpasua njiwa mmoja juu ya meza ya mbao, akamkagua ndani kwa ncha ya kisu.

"Si mdondo, mzee wangu. Mdondo ungeanza na kuku, na kuku wako wanatembea kama wajumbe wanaokwenda kikaoni."

"Kuku hawaendi mbali. Njiwa wanakwenda," Antipasi alisema.

"Kweli."

"Sasa ni nini?"

Leonard alifikiri. "Ni vifo vya ghafla visivyo na maelezo."

"Hilo ndilo nililokueleza mimi ulipofika."

"Basi tumekubaliana," Leonard alisema, akaliandika kwenye daftari lake. Alipokuwa anafunga begi aliyatazama maua, ambayo wakati huo yalikuwa tisa. "Hizi ni mbegu za wapi?"

"Za njiwa."

"Zina mafuta?"

"Sijazikamua."

"Zijaribu," Leonard alishauri, akaondoka.

Ilongero iliyapokea maua yale bila usumbufu na kuyatafutia kazi. Mtu aliyetaka kuuza gunia lake la alizeti hakutembea tena hadi ghalani kwa kubahatisha; alipita kwanza kwa Mwalimu kuangalia maua yanaelekea wapi. Yakitazama barabarani, Christopher yupo. Yakitazama kaskazini, yuko shambani kwake. Ijumaa mke wa Christopher, Witness, alikuja akasimama mbele ya uzio akiwa ameshika kiuno.

"Shikamoo Mwalimu. Ameniaga kwamba anakwenda Singida mjini."

"Marahaba. Singida mjini ni kusini," Antipasi alisema.

Maua yote yalikuwa yanatazama nyumba ya Mama Alute, kwenye pombe ya mtama, umbali wa dakika tano kwa miguu.

"Ahsante sana, Mwalimu," Witness alisema, akajifunga mtandio upya kama mtu anayekwenda kazini.

Christopher mwenyewe aliyachukulia mambo hayo kwa moyo mkunjufu. Alisema maua yana adabu kuliko vijana wa siku hizi.

Jumapili baada ya misa, kamati ya harusi ilikutana uani kwa Antipasi. Njiwa walikuwa wamebaki kumi na wanne na maua yalikuwa ishirini na mawili. Mwenyekiti alipewa kiti cha heshima kilichoegemea uzio, na maua yakamwinamia kutoka pande zote, hata akawa amekaa kama picha iliyotiwa fremu. Moja lilimwegemea begani. Alikuwa akilisogeza kwa upole kila lilipomziba mdomo.

"Ndugu wajumbe," alisema, "suala la mafuta ya kupikia liondoeni kwenye orodha. Mafuta ni mimi. Madumu mawili ya lita ishirini ishirini, yametoka mashineni wiki hii. Huyu aliyenifundisha kilimo hawezi kuoza binti kwa mafuta ya dukani."

Wajumbe walipiga makofi. Shukuru, aliyekuwa anagawa soda, alipiga goti kushukuru. Antipasi alishukuru naye, kwa dhati, akajisemea kwamba mtu anayependwa na maua kiasi hiki hawezi kukosa sababu.

Madumu yaliletwa Jumatatu asubuhi kwa pikipiki. Christopher aliyasindikiza, akayapokeza Cecilia jikoni, akaaga akaenda zake. Antipasi alikuwa bandani akihesabu njiwa tisa. Alipogeuka aliona kwamba maua hayakukubaliana tena. Alikuwa na maua ishirini na saba. Kumi na manne yalimfuata Christopher barabarani. Kumi na matatu yalibaki yakitazama mlango wa jiko.

Aliingia jikoni. Akachukua dumu moja akalihamishia chumba cha wageni, akatoka kutazama. Maua sita yalikuwa yanatazama dirisha la chumba cha wageni. Mtu aliyefundisha sayansi ya kilimo kwa miaka thelathini na mmoja hahitaji kurudia jaribio hilo zaidi ya mara tatu. Alilirudia mara tatu, akavaa kofia yake, akaenda ghalani.

Nyuma ya ghala, wanawake wanne walikuwa wanaosha mbegu za alizeti kwenye mabeseni makubwa huku wakiimba wimbo wa kwaya kwa sauti nne kamili. Maji ya beseni la kwanza yalikuwa ya rangi ya waridi iliyokolea. Ya beseni la pili yalikuwa yamefifia. Ya beseni la tatu yalikaribia kuwa meupe. Mbegu zilizokwisha kuoshwa zilitandazwa juani juu ya turubai pana, na pembeni mwa turubai, wakitembea kwa miguu yao mekundu na kudonoa bila haraka, walikuwapo njiwa wake saba.

Christopher alitoka ghalani akifuta mikono.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Christopher. Hizi ni mbegu za kupanda."

"Zilikuwa. Zilichelewa kufika, mvua ikakatika, zikanilalia magunia kumi na mawili. Msimu ujao hazioti tena. Sasa nitupe? Mwalimu, mtu wa hapa atupe alizeti?"

Antipasi alikiri moyoni kwamba hajawahi kumwona mtu wa Ilongero akitupa punje. Bibi yake mwenyewe alikuwa akizichambua punje za mtama kutoka kwenye mavumbi ya uani, moja moja, mwaka wa shibe.

"Zimepakwa dawa ya wadudu," alisema. "Ndiyo rangi hiyo. Nilikufundisha."

"Ulinifundisha," Christopher alisema, na uso wake ukang'aa kwa furaha halisi ya mwanafunzi aliyekumbuka jibu. Alisimama wima, mikono nyuma. "Mbegu yenye rangi si chakula. Uliandika ubaoni kwa chaki nyekundu, ukapiga mstari chini yake. Sijasahau hata siku moja, Mwalimu. Ndiyo maana tunaitoa rangi. Mara tatu! Wengine wangekamua hivyo hivyo."

Wanawake waliacha kuimba wakasikiliza, kisha mmoja akasema, "Na sabuni kidogo kwenye beseni la pili, Mwalimu," wakaendelea na ubeti uliofuata.

Antipasi aliyatazama mabeseni. Aliiona sentensi ile kama alivyoiandika: fupi, ya kukaririka, yenye kitenzi kimoja. Alikuwa ameisifu mwenyewe kwa wepesi wake. Alitafuta mahali palipoeleza kwamba rangi ni ilani tu na sumu ni kitu kingine, kwamba moja huondoka na maji na nyingine hubaki ndani ya mbegu na ndani ya mafuta yake. Hapakuwapo. Kengele ilikuwa imelia, au aliona inatosha.

Alieleza hayo sasa, kwa urefu, mbele ya mabeseni. Njiwa wake wamekufa kwa mbegu hizi, alisema. Christopher alimsikiliza kichwa kikiwa kimeinama kwa heshima, hadi mwisho.

"Nimekuelewa, Mwalimu," alisema. "Tutaziosha mara nne."

Antipasi aliwapigia mluzi njiwa wake, wakamfuata nyumbani. Aliporudi, maua yalikuwa mahali pake, mengine yakitazama ghalani na mengine jikoni. Lakini lile dogo kuliko yote, lililoota juu ya njiwa wa kwanza, lilikuwa limegeuka. Alisogea kushoto, likasogea. Akasogea kulia, likasogea. Lilikuwa linamtazama yeye. Naye alilitazama kidogo, kisha akaenda kuleta maji akalimwagilia, kwa kuwa udongo wake ulikuwa mkavu.

Siku ile ile aliwafungia njiwa wote tisa ndani ya nyumba, chumbani kwake, chini ya matenga mawili, akawapa mtama aliouvuna mwenyewe. Cecilia hakuuliza mpaka alipoyaona madumu yamehamishiwa barazani.

"Hayo mafuta hayapikiwi," Antipasi alisema.

"Baba Shukuru, ni mafuta ya Mwenyekiti."

"Ndiyo."

"Tumwambie nini?"

"Nimeshamwambia. Ataziosha mara nne."

Cecilia aliketi juu ya dumu, akafikiri, akasema jambo kwa Kinyaturu ambalo Antipasi aliona ni sahihi. Kesho yake alipanda basi dogo hadi Singida mjini, akaingia katika duka la Prabhudas. Malti, mke wa Prabhudas, aliyemuuzia vitambaa na sukari tangu Shukuru akiwa mtoto mchanga, alimshangaa waziwazi.

"Cecilia! Watu wa Ilongero mnakuja kununua mafuta kwangu? Kesho mtakuja kununua upepo."

"Huo bado tunao," Cecilia alisema. "Nipe madumu mawili."

Mafuta ya Mwenyekiti walichimba shimo nyuma ya choo wakayamwaga humo. Cecilia aligeuza uso yalipokuwa yanatoka. Alikuwa hajawahi kumwaga mafuta maishani mwake. Maua kumi na matatu yaliacha kutazama baraza, yakatazama shimo.

Jumatano Antipasi alikwenda ofisi ya kijiji. Mtendaji alimpokea vizuri, akamkaribisha kwenye benchi. Dirisha lake lilikuwa linatazamana na uzio wa minyaa, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa habari za maua.

"Mimi mwenyewe huyatumia," mtendaji alisema. "Nikimhitaji kwa michango ya zahanati naangalia hapa tu."

"Yanaonyesha mafuta yenye sumu."

"Yanaonyesha upande, Mwalimu. Upande si ushahidi wa maandishi." Akashusha sauti kwa upole. "Halafu huyu ni mwenyekiti wa kamati yako. Kamati ikishavunjwa, andika barua, nakala tatu. Ukiandika sasa itaonekana una ugomvi na mtu aliyekuchangia."

Antipasi aliandika siku ile ile, nakala nne, kwa sentensi ndefu zenye vitenzi vya kutosha. Mtendaji aligonga muhuri wa kupokea juu ya zote nne na kuzipanga vizuri kabatini.

Njiwa walioshiba mbegu za turubai waliendelea kufa chini ya matenga, mmoja mmoja, bila kelele. Jumanne jioni walibaki sita, Jumatano wanne. Shukuru alikuwa akija kila baada ya saa moja akiwa na rola kichwani, anainua tenga, anahesabu, anateremsha. Aliuliza Alhamisi asubuhi walipobaki wawili: dume la kijivu na jike lenye unyoya mmoja mweupe bawani.

"Baba, wakifa hawa naolewa?"

"Utaolewa."

"Nitakwenda na nini?"

Antipasi aliteremsha tenga taratibu. Alileta kigoda akakaa kando ya tenga na kopo la mtama, akakaa hapo Alhamisi nzima akiwasomea gazeti la wiki iliyopita, kwa kuwa sauti yake ndiyo waliyoizoea. Saa kumi alasiri dume lilianza kuunguruma, likavimbisha shingo, likamzunguka jike kama bwana harusi asiyeweza kungoja. Cecilia alisikia kutoka jikoni, akapiga kigelegele kimoja, kisha akaendelea kuchambua mchele.

Sendofu ya Ijumaa ilifana. Uzio wote ulikuwa umesimama maua thelathini na manne, na wageni walisema hawajawahi kuona mapambo ya heshima kama yale, kwa maana kila Mwenyekiti aliposimama kusema neno, maua thelathini na mawili yalimgeukia kwa pamoja kama jeshi. Moja lililokuwa bado linatazama shimo la mafuta halikugeuka, na lile dogo lilibaki kwa baba wa bibi harusi, jambo ambalo wageni waliliona kuwa la haki. Pilau lilipoliwa, Christopher aliinua sahani yake juu.

"Mnaonja? Mnaonja mafuta ya kwetu?"

"Tunaonja!" watu walijibu.

Cecilia alitazama miguu yake. Witness, aliyekuwa amekaa karibu naye, alinusa kijiko, akamnong'oneza, "Haya si yetu, dada," akaongeza pilau mara ya pili.

Jumamosi walikwenda Mkiwa kwa magari mawili. Shukuru alipakata tenga lenye njiwa wawili juu ya shela lake, na Cecilia alikuwa amechomeka kwenye ukingo wa tenga ua moja fupi la alizeti, pamoja na mizizi yake kwenye kopo, ili likapandwe ugenini. Njiwa walilala safari nzima. Baada ya ndoa kanisani, tenga lilikabidhiwa kwa mama mkwe, Mama Flora, mwanamke mnene mwenye kicheko kirefu, ambaye nyumba yake ilikuwa njia panda, hatua chache kutoka barabarani. Aliinua mfuniko, njiwa wakatoka, wakazunguka bati la nyumba mara mbili, wakatua juu yake kama waliozaliwa pale. Watu walishangilia. Antipasi aliwahesabu wakiwa bado hewani. Walikuwa wawili.

Alijisikia mwepesi sana. Alikaa kwenye kiti alichopewa, akavua kofia.

Mama Flora alileta sinia la maandazi ya moto. "Karibuni, karibuni wakwe! Mjisikie nyumbani. Hata mafuta nimenunua hapo mezani barabarani, ya Ilongero, ya kwenu wenyewe!"

Ua lililokuwa kwenye kopo lilizunguka likatazama sinia. Watu wa Mkiwa walisema tazama, lina adabu, linasalimia chakula.

Shukuru alilitazama ua, akalitazama sinia, akamtazama baba yake. Kisha akainuka na shela lake, akalipokea sinia kwa mikono miwili na kupiga goti.

"Mama, naomba haya niyahifadhi mimi. Kwetu bibi harusi siku ya kwanza huwapa wageni viazi vya kuchemsha."

Desturi hiyo haikuwapo. Ilianza saa hiyo, na Mama Flora, aliyependa desturi, alicheka kicheko chake chote, akaagiza viazi. Antipasi alikula vinne. Alipokuwa anamenya cha mwisho alitamani kusimama na kusema sentensi moja ndefu kuliko zote, lakini vigelegele vilikuwa vimeanza tena, na bwana harusi alikuwa anatafutwa akacheze.

Ua lilipandwa kando ya mlango wa jiko. Shukuru alijifunza kulitumia kabla shela halijafuliwa: likitazama chungu, anabadilisha mafuta, likitazama kwingine, anapika. Majirani walilisifu, na wawili waliomba mbegu.

Kwingine huko kulikuwa barabarani. Pale njia panda meza zilisimama pande zote mbili, zimepangwa chupa za mafuta yaliyong'aa juani kama asali, na kila basi liliposimama abiria walinyoosha mikono madirishani, wakanunua, wakashukuru. Basi la Dodoma lilipoondoka, ua liligeuza shingo likalifuata hadi likatoweka. Likarudi. Lilipoondoka la Itigi, likageuka tena. Mabasi yalikuwa mengi. Siku ya tatu Shukuru alikata kijiti kinyoofu, akakichomeka ardhini, akalifunga ua kwa kitambaa laini ili shingo isije ikakatika, akaingia ndani kuwatengea njiwa mtama.